Mtu Hafi Mara Mbili

Sitaki mtu aniambie kwamba mama yangu alikuwa mkali. Najua. Mimi ndiye niliyekaa naye katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka stesheni ya Rayners Lane, London, Januari ya mwaka 1973, baridi ikipenya chini ya mlango kama mwenye nyumba. Na mimi ndiye niliyemdanganya. Kwa hiyo acha nisimulie yote, na anayetaka kunilaumu anilaumu akishamaliza kusikiliza.

Mama aliitwa Damyanti. Alikuwa Mhindi wa Kigujarati, mzaliwa wa Mombasa, akafiwa na wazazi mapema na kulelewa na wamisheni. Walipombatiza walitaka kumwita Dorkasi. Akakataa, mtoto wa miaka tisa! Aliwaambia Mungu aliyemuumba anamjua kwa jina la Damyanti na hana haja ya kutambulishwa upya. Kiswahili ndicho alichosomea, ndicho alichosalia, na ndicho alichotugombezea sisi wanawe wawili, mimi Jennifer na mdogo wangu Justin, kule Mbale, Uganda, ambako baba yetu Philemon alikuwa mwalimu wa hesabu. Kigujarati chake kilikuwa cha kununulia bamia tu.

Mwaka wa sabini na mbili, Agosti, sisi Waasia tukapewa na serikali siku tisini tuwe tumetoka nchini. Baba, Mama na mimi tulikuwa na pasipoti za Uingereza. Justin alikuwa amechukua uraia wa Uganda ili aajiriwe ualimu. Alipokwenda kuhakikisha karatasi zake, karani akazichana mbele yake, akamwambia apishe foleni. Basi akawa si wa huku wala si wa kule.

Tarehe kumi na nne Oktoba, mimi na Mama tulikuwa tumetangulia Kampala kwa treni, tumefikia katika ukumbi wa kanisa. Baba na Justin walikuwa wanatufuata kwa gari. Karibu na Lugazi wakakuta kizuizi cha askari. Wakateremshwa, wakasimamishwa juani tangu asubuhi, na Baba alikuwa na moyo mbovu. Saa saba mchana alikaa chini bila kuomba ruhusa, na hakuinuka tena. Askari nao waliogopa. Walimwambia Justin, haya, ondoa mtu wako. Akamzika kando ya shamba la miwa, yeye na wakata miwa wawili ambao mpaka leo hatujui majina yao.

Jioni ile nilimkuta mdogo wangu kwenye bomba la nje ya ukumbi, ananawa, udongo umemfika viwikoni. Hakuhitaji kuniambia. Ndege yetu mimi na Mama ilikuwa Jumatatu, na yeye alikuwa amepata nafasi kwa Umoja wa Mataifa, wampeleke kambi ya wasio na nchi huko Austria. Nikamwambia, "Mama akijua hapandi ndege." Akasema, "Hapandi." Zilikuwa zimebaki siku ishirini na tano.

Kwetu, na nadhani hata kwenu, msafiri haambiwi msiba njiani. Unamwambia mgonjwa hali yake si nzuri, unamshikia mzigo, unamsindikiza mpaka afike, akae, anywe maji. Hapo ndipo mtu mzima anamwambia. Si uongo ule, ni heshima. Basi tukamwambia Mama kwamba Baba ameshikwa na moyo njiani, amelazwa hospitali hapo Kampala, daktari amekataza watu kumwona, na ameagiza tutangulie. Mama alinitazama sana. Kisha akafunga begi lake. Tulipotua uwanja wa ndege wa Stansted, Uingereza, bibi mmoja aliyekuwa anaandikisha watu akamuuliza mume wake yuko wapi, na Mama akajibu kwa Kiingereza chake kile cha kuokoteza, "Mgonjwa. Anakuja nyuma."

Nilikuwa nangoja afike, nimwambie. Sasa niambieni nyinyi, kambini ni kufika? Walitupeleka kwenye mabweni ya zamani ya jeshi la anga, vitanda vya chuma, blanketi za kijivu, chakula kisicho na chumvi. Kila asubuhi Mama alipiga magoti kando ya kitanda, akamwombea Baba apone, kwa sauti, mpaka wanawake wengine wa bwenini, Waislamu na Wahindu, wakawa wanaitikia amina. Nami naitikia. Siku ya kumi na moja tangu Baba afe nilishindwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Desturi iliniruhusu kunyamaza. Kupamba nilijiongezea mwenyewe. Badala ya kumwambia kweli, nilimwambia barua imekuja, Baba amefariki hospitalini, usingizini, shuka nyeupe, mchungaji yuko kando yake anasoma zaburi. Nilimpa kifo kizuri. Na karani wa kambi alipoleta fomu ya wajane, Mama akasema na mimi nikaandika: amefia hospitali, Kampala, tarehe ishirini na tano Oktoba. Mkono ulioandika ni huu hapa.

Basi Januari ile, barua ikaja kutoka ofisi ya serikali. Justin alikuwa ameomba kuja kwetu kama mtoto pekee wa kiume wa mjane. Naye, maskini, alijaza kweli tupu: baba yangu alifia barabarani karibu na Lugazi, tarehe kumi na nne, nikamzika mwenyewe. Ofisi ikalinganisha karatasi. Ikasema mjane na mwombaji wanataja mahali pawili na siku mbili za kifo cha mtu mmoja, kwa hiyo kuna shaka kama mwombaji ni mtoto wa marehemu huyo kweli. Mama afike kwa mahojiano, Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Asiporidhisha, ombi litafungwa.

Nikaiweka barua kwenye mkoba na kutembea nayo siku tisa. Asubuhi nikienda kazini imo, jioni nikirudi imo. Nilijua wazi: nikinyamaza, Justin anabaki kambini, na Mungu ndiye ajuaye mpaka lini. Nikisema, Mama atajua kwamba ndege yake ilimpeleka mbali na kaburi la mumewe, na sisi tunamwangalia tu. Nilikuwa mwoga. Sina neno jingine.

Sasa njooni kwenye Biblia ya Mama.

Alikuwa na desturi ya kuisoma kwa mfululizo, haruki hata sura ya majina matupu. Kila Jumamosi mchana alikuja Evodius, kijana wa Kihaya kutoka Bukoba aliyekuwa anasomea uchungaji hapa London, akiwa na mfuko wa karanga, akakaa karibu na jiko la mafuta ya taa, na Mama akasoma kwa sauti. Evodius aliletwa na upweke wa Kiswahili, lakini Mama alimgeuza mwalimu wake, na Mhaya ukishamwita mwalimu ujue hakubali kushindwa na swali. Desemba yote walikuwa kwenye kitabu cha Hesabu. Januari wakaingia Kumbukumbu la Torati. Na Jumamosi moja, siku tano kabla ya yale mahojiano, Mama akafika kwenye sura ya kumi, akasimama.

"Evodius mwanangu," akasema, "Haruni alifia wapi?"

"Mlima Hori, Mama Justin. Mwaka wa arobaini tangu watoke Misri."

"Ndivyo tulivyosoma kwenye Hesabu. Hapa wanasema alifia Mosera, akazikwa huko huko."

Evodius akachukua kitabu, akasoma, akatafuna karanga moja polepole. "Mosera ni jina la eneo lote, Mama. Hori ni mlima ulio ndani yake. Ni kama mtu mmoja aseme fulani amefia Rayners Lane, na mwingine aseme amefia London. Wote wamesema kweli."

"Haya. Na vituo?" Mama alikuwa ameweka pini ya nywele kwenye ukurasa mmoja na njiti ya kiberiti kwenye mwingine. "Kwenye Hesabu wanatoka Moserothi ndipo waende Bene-yaakani. Huku wanatoka Bene-yaakani ndipo waende Mosera. Njia imegeuzwa. Na kule kwenye Hesabu, kati ya Moserothi na mlima Hori kuna vituo sita kamili. Nimevihesabu."

Ningecheka siku nyingine. Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini anayehesabu nyumbani alikuwa yeye.

"Miaka arobaini ni mingi," alisema Evodius. "Walizunguka. Inawezekana walipita mahali pamoja mara mbili, kwenda na kurudi."

"Kupita wapite hata mara kumi. Mtu hafi mara mbili."

Nilikuwa naosha vikombe. Nikaacha maji yatiririke.

Evodius akashusha sauti, kana kwamba askofu yuko ngazini. Akasema huko chuoni wanafundishwa kwamba pengine habari hizo zilitunzwa na watu mbalimbali, hawa wakikumbuka hivi na wale wakikumbuka vile, na waliokuja kukusanya kitabu hawakuthubutu kumfuta yeyote, wakaziacha zote mbili. "Haziharibu imani, Mama. Jambo kubwa ni kwamba Mungu alikuwa nao jangwani."

"Mimi sikuulizi habari ya Mungu, najua alikuwepo. Nakuuliza habari ya watu." Mama akavua miwani. "Haruni alipandishwa mlimani mbele ya macho ya mkutano mzima. Ndugu yake ndiye aliyemvua mavazi. Watu wakamlilia siku thelathini. Mtu aliyeshuka mlima ule hawezi kusahau ni mlima gani. Basi mmoja wa hawa wawili alikuwepo, na mwingine aliambiwa. Na yule aliyeambiwa, mimi namwonea huruma, kwa sababu ameandika kwa moyo safi. Swali langu ni moja tu. Aliyemwambia, kwa nini hakumwambia sawasawa?"

Hakuwa ananitazama. Naapa hakuwa anajua chochote, alikuwa anamtazama Evodius, na Evodius alikuwa anatazama karanga zake. Lakini mimi nilisikia kama nimeitwa kwa jina.

"Alimwonea huruma," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Alimwambia vile kwa sababu alimwonea huruma, Mama, na aliogopa."

Wote wawili wakageuka. Nikafuta mikono kwenye sketi, nikafungua mkoba, nikaiweka ile barua juu ya Kumbukumbu la Torati. Kisha nikasema yote. Kizuizi, jua, saa saba, shamba la miwa, wakata miwa wawili, bomba la ukumbini. Nikasema hapakuwa na shuka nyeupe. Nikasema hapakuwa na mchungaji. Evodius alisimama aondoke kwa adabu, Mama akamwonyesha kiti kwa kidole, akakaa.

Mama hakulia. Afadhali angelia. Aliuliza tu, "Nani alimfumba macho?"

Nikafungua mdomo, nikagundua sijui. Sikuwahi kumuuliza Justin. Barua zote nilizomwandikia Austria zilikuwa za soksi na fomu.

"Siku kumi na moja," Mama akasema. "Siku kumi na moja nimepiga magoti kumwombea maiti apone moyo. Na wewe uko kando yangu unaitikia amina."

"Mama, nilitaka ufike kwanza..."

"Nifike wapi?" Akapiga meza kwa kiganja, karanga zikaruka. "Nifike wapi, Jennifer? Kufika kwangu kulikuwa ni kule, alipo mume wangu! Mlinipitisha!"

Alimgeukia Evodius. Akamwambia aiandikie ofisi barua, aseme mjane amekataa kuja kwenye mahojiano, wasimlete huyo kijana. Mtoto aliyemzika baba yake kwa siri akae huko huko na siri yake. Evodius alisema, "Mama Justin, hasira hasara." Mama akamjibu, "Hasara nimeshaipata, acha nibaki na hasira." Evodius hakuandika, Mungu ambariki. Alichukua kofia yake, akaninong'oneza mlangoni nimwache Mama mpaka hasira zimshuke, akaondoka.

Siku tano Mama hakunisemesha. Alipika, akaniwekea sahani yangu, akafunika kwa sahani nyingine chakula kisipoe. Usiku nilimsikia anasoma kwa sauti ya chini, nyuma na mbele, nyuma na mbele, pale kwenye pini na pale kwenye njiti. Mimi nilijua ombi la Justin limekufa, na ni mimi niliyeliua. Jumatano jioni niliketi kumwandikia, nikaandika "Mpendwa Justin," nikashindwa.

Alhamisi asubuhi nilitoka chumbani nikamkuta Mama amevaa sari yake nyeupe, koti juu yake, mkoba mapajani. Amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikavaa viatu vyangu bila kuuliza, tukaenda.

Ofisini alitupokea bwana mmoja mwenye mafua, leso haimtoki mkononi, hakuwa mtu mbaya. Walikuwa wamemwandalia Mama mkalimani wa Kigujarati, kijana wa tai aliyeitwa Zulfikar. Mama akamsikiliza kidogo, akamwambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, lugha hiyo siwezi kuombolezea." Zulfikar akashtuka, kisha akatabasamu: kumbe mzaliwa wa Nakuru! "Basi sema tu, Mama," akasema, "mimi nitafikisha."

Bwana akafungua faili. Karatasi mbili zimelazwa bega kwa bega, yangu na ya Justin. Akauliza: mume wako alifia wapi?

Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia bwana anapenga kamasi.

"Sijui," Mama akasema.

Basi, nikajua yamekwisha. Nikainuka nusu, nikaanza kusema kwa Kiingereza kwamba kosa ni langu, mimi ndiye niliyeandika. Mama hakunitazama. "Kaa chini," akasema, na nikakaa, mwanamke wa miaka ishirini na nne.

"Sijui kwa sababu sikuwepo," akaendelea. "Aliyekuwepo ni mwanangu Justin. Yeye ndiye aliyemzika. Akisema Lugazi, ni Lugazi. Akisema saa saba, ni saa saba. Mnamtilia shaka kama ni mtoto wa marehemu? Mgeni hamziki mtu kwa mikono yake halafu akakumbuka siku na saa. Mimi niliambiwa hospitali. Aliyeniambia ni binti yangu huyu, alininyima kweli kwa kunihurumia, nami nimemkasirikia, na kukasirika kwangu si kazi ya serikali."

Zulfikar akatafsiri mpaka mwisho, hata hilo la mwisho. Bwana akaandika. Kisha akauliza kwa upole kabisa: kwa hiyo tunaweza kufuta maelezo ya kwanza yote, tukaandika kwamba hayakuwa kweli?

"Hospitali ifute," Mama akasema. "Lakini nilipotua kwenye uwanja wenu niliulizwa mume wako yuko wapi, nikasema ni mgonjwa, anakuja nyuma. Hiyo usiifute. Sikusema uongo. Kwa watu wengine Philemon alikufa tarehe kumi na nne. Kwangu aliishi siku kumi na moja zaidi, na zote nilikuwa naye, nikizungumza na Mungu juu yake. Nilidhani ni siku za kuchekwa. Nimezifikiria wiki hii. Ndizo za mwisho nilizopata naye, na hakuna atakayenichukulia. Andika yote mawili. Na uandike nani alikuwepo na nani aliambiwa, ili atakayesoma asihangaike."

Zulfikar akatafsiri. Bwana alisikiliza, akatazama fomu yake, akasema kwamba sehemu hiyo ina mstari mmoja tu.

"Basi chora wa pili," Mama akasema.

Na bwana yule, sijui kilimwingia nini, akachukua rula, akachora.

Barua ya kumruhusu Justin ilikuja baada ya wiki tano, na kabla ya Pasaka tulikuwa naye mezani, anasimulia kutoka kizuizini mpaka kaburini, Mama akimuuliza kila hatua. Alimfumba macho yeye mwenyewe. Lakini hayo ni yake, ayasimulie yeye. Langu mimi ni la Alhamisi ile, tulipotoka ofisini.

Tulikuwa tumesimama stesheni tunangoja treni ya kurudi, watu wamejaa, kila mmoja na gazeti lake. Mama akasema, "Jennifer." Ukiacha lile "kaa chini" la ofisini, lilikuwa neno la kwanza la siku tano.

"Abee, Mama."

"Zile siku kumi na moja. Wewe ulikuwa unajua baba yako amekufa."

"Nilijua."

"Ulilia wapi?"

Sikuelewa kwa nini anauliza. "Vyooni," nikasema. "Vile vya wanawake, nyuma ya jiko la kambi. Nilifungulia bomba, watu wasisikie."

"Peke yako?"

"Peke yangu, Mama."

Treni ikaingia, milango ikafunguka, nikamshika mkono tupande. Hakupanda. Alinivuta mpaka kwenye benchi la ukutani, akakaa, akanikalisha, akakiweka kichwa changu begani pake mbele ya Waingereza wote wale.

"Lia sasa," akasema. "Nipo."

Nililia mpaka treni tatu zikapita.